Nani Aanze? Uchambuzi wa Mabishano juu ya Kwotabeki wa Alabama

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, hakuna hata timu moja ya kulipwa iliyomo katika ligi kuu za nchi ile, si za mpira wao wa Kimarekani, si za kikapu, wala si za besiboli. Na kwa sababu hiyo mahaba yote ambayo katika miji kama Chicago au Boston hugawanywa baina ya timu nne au tano, huko huelekezwa kwa vyuo vikuu viwili tu, Alabama kilichoko Tuscaloosa na hasimu wake wa tangu jadi, Auburn. Uwanja wa Tuscaloosa huchukua watu wapatao 100,000, idadi inayokaribiana na ya wakazi wa mji wenyewe, na mwezi wa Aprili 2007, kocha Nick Saban alipokuwa ndiyo kwanza ameshika kazi, watu zaidi ya 92,000 walihudhuria kutazama timu yao ikicheza na nafsi yake katika mchezo wa mazoezi usiokuwa na kikombe wala hasara. Hayo nayatanguliza ili msomaji asidhani kuwa mabishano nitakayoyachambua hapa ni porojo za kupitishia jioni. Kwa watu wa jimbo lile, suala la kijana gani asimame mbele ya timu siku ya Jumamosi huzungumzwa makanisani, vinyozini na redioni kwa uzito ambao mataifa mengine huwawekea mawaziri.

Kijana mwenyewe huitwa kwotabeki. Kwa msomaji aliyelelewa na kandanda, yafaa kueleza kwa ufupi kwamba mchezo wa Wamarekani hauendi mfululizo, bali hukatwa vipande vipande, na mwanzoni mwa kila kipande mpira huwekwa mikononi mwa mtu mmoja, ambaye katika muda wa sekunde tatu au nne, ilhali majitu ya upande wa pili yanamkimbilia kwa nia ya kumwangusha, hana budi kukata shauri: aukabidhi kwa mkimbiaji aliye ubavuni mwake, autupe mbele kwa mdakaji aliye yadi 20 au 40, au aukumbatie akimbie nao mwenyewe. Hadi 2025 chuo kikubwa kiliweza kuwa na wachezaji 85 waliosomeshwa kwa ufadhili wa michezo, na miongoni mwao wanne au watano aghalabu walikuwa makwotabeki. Walakini nafasi ni moja, na anayeishika hatoki ila kwa jeraha, kwa kushindwa, au kwa ushindi mkubwa mno. Mshambuliaji wa kandanda akiwa na mshindani, kocha aweza kuwapanga wote wawili; hapa hakuna kugawana, na palipo na nafasi moja na vijana wawili wenye vipawa, watu hawana budi kugawanyika wao.

Kisa ninachokichukua ni cha Jalen Hurts na Tua Tagovailoa, kwa sababu sijui kingine kilichokusanya hoja zote za mabishano ya namna hii mahali pamoja.

Hurts alitoka Channelview, karibu na Houston, mtoto wa kocha, kijana mkimya asiyecheka ovyo. Mwezi wa Septemba 2016, katika mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Southern California, hakuanza yeye. Lakini alipoingizwa, mpira wa kwanza kabisa alioupokea ukamponyoka ukachukuliwa na wapinzani, naye badala ya kufadhaika akaendelea kucheza kana kwamba halikutokea jambo, hata Alabama ikashinda kwa 52 kwa 6. Baada ya hapo nafasi ikawa yake, naye akawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kwanza kukabidhiwa kazi hiyo chuoni hapo tangu 1984, na kabla ya msimu kwisha alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi nzima ya kusini-mashariki. Katika fainali ya taifa, Januari 2017, alikimbia yadi 30 na kuipa timu yake uongozi zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde chache. Ndipo Deshaun Watson wa Clemson alipotupa pasi ya mwisho ikiwa imebaki sekunde moja, na mambo yakaisha 35 kwa 31.

Hapo ndipo yalipoanza manung'uniko. Waliomtetea walisema kijana wa miaka 18 ameifikisha timu sekunde moja na ubingwa, atakiwe nini tena? Waliomlaumu walionyesha hesabu nyingine ya mechi ile ile, kwamba kati ya pasi 31 alizotupa zilizofika ni 13 tu, na kwamba wadakaji wa Alabama walikuwa wakikimbia wazi, mikono juu, ilhali yeye amekwisha amua kukimbia mwenyewe. Msimu wa 2017 ulizidi kuwapa wote wawili hoja. Hurts alitupa pasi 255 na adui akadaka moja tu, jambo la ajabu kwa umri wake. Lakini wapinzani wake waliisoma hesabu hiyo hiyo kinyume, wakasema mtu asiyenyang'anywa mpira hata kidogo ni mtu asiyethubutu kuutupa panapohitajika ujasiri, na Auburn walipoishinda Alabama 26 kwa 14 mwezi wa Novemba, wakaona wamepata ushahidi.

Nionavyo mimi, hapa ndipo penye kiini cha mabishano yote ya namna hii, na ndipo ambapo wenye kubishana wenyewe hawaoni. Wanadhani wanashindania nani hodari kuliko mwenziwe, ilhali wanachoshindania ni kosa la aina gani wako radhi kulivumilia. Kila kwotabeki hukosea. Mmoja hukosea kwa kujizuia, akaangushwa chini au akakimbia yadi tatu palipokuwa na yadi 30 za kupata. Mwingine hukosea kwa kujitosa, akautupa mpira katikati ya mikono minne ya maadui. Kosa la kwanza halionekani vizuri ukiwa jukwaani, kwa kuwa lililopotea ni jambo ambalo halikutokea. La pili huonekana na watu wote, na huumiza papo hapo. Anayependa usalama atamtaka Hurts hata akipewa takwimu za nchi nzima, na anayependa kuthubutu hatamkubali hata akishinda mechi 26 kati ya 28 alizoanza, kama ilivyokuwa kweli hesabu ya Hurts huko Alabama.

Tena kuna jambo la ushahidi. Tagovailoa, mwenye asili ya Samoa, aliyezaliwa na kulelewa Hawaii, mwenye kurusha kwa mkono wa kushoto, aliingia chuoni 2017, na msimu ule washabiki walimwona kwa vipande, aghalabu katika robo ya nne, Alabama ikiwa imekwisha jipatia pointi nyingi na walinzi wa upande wa pili wamechoka au wamebadilishwa na wenzao wa akiba. Katika hali hiyo alitupa pasi ndefu zenye kupendeza macho, na watu wakarudi makwao wakimwota. Wamarekani wenyewe wana usemi kwamba mtu apendwaye kuliko wote mjini ni kwotabeki wa akiba, na sababu yake haina siri: wa kwanza amekwisha kuwavunja watu moyo angalau mara moja, wa pili bado. Mapenzi kwa aliye benchini ni mapenzi ya ghaibu, hayajajaribiwa kwa deni wala kwa maradhi. Na anayemwona kijana huyo kila siku mazoezini, yaani kocha, hufunga milango yake na hasemi kitu, kwa hiyo umma wahukumu kwa vipande na mwenye ushahidi kamili ananyamaza. Ni ajabu si haba, basi, kwamba mara nyingine umma hupata.

Tarehe 8 Januari 2018, mjini Atlanta, Alabama ilikwenda mapumzikoni katika fainali ya taifa ikiwa haina pointi hata moja, na Georgia ina 13. Hurts alikuwa amefikisha pasi tatu kati ya nane, kwa yadi 21. Timu iliporudi uwanjani aliyetangulia mbele ya safu alikuwa Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja, na inafaa kulitafakari tendo hilo jinsi lilivyokuwa: kocha mwenye mataji matano ya taifa, akimtoa kwotabeki aliyemfikisha fainali mbili mfululizo, mbele ya nchi nzima, kwa kumtegemea kijana wa miaka 19. Wengine wameliita kamari. Siafiki, kwa kuwa mwenye kucheza kamari haoni karata, na Saban alikuwa akiziona mazoezini tangu Januari iliyotangulia.

Kijana akaanza vibaya. Alitupa pasi moja ikadakwa na Georgia. Lakini katika robo ya nne, mara ya nne na ya mwisho waliyoruhusiwa kujaribu, akiwa yadi saba tu kutoka mstari wa kufunga, alimpata Calvin Ridley na mambo yakawa 20 kwa 20. Mpiga mateke wa Alabama akakosa mkwaju wa yadi 36 ambao ungemaliza shughuli, wakaingia muda wa nyongeza, na Georgia ikatangulia kwa pointi tatu. Sasa tazama michezo miwili iliyofuata, maana ndani yake mna suala lote. Katika wa kwanza Tagovailoa aliuchukua mpira, akatafuta mdakaji asimpate, akakataa kuutupa nje kama busara ya kawaida inavyoamuru, akazidi kurudi nyuma na kurudi nyuma huku akitumaini, hata akaangushwa yadi 16 nyuma ya alikoanzia. Ni kosa ambalo Hurts asingelifanya. Katika wa pili aligeuza uso upande wa kulia kumhadaa mlinzi wa nyuma, kisha akarusha upande wa kushoto yadi 41 hadi kwa DeVonta Smith, mwanafunzi mwingine wa mwaka wa kwanza, na Alabama ikawa bingwa kwa 26 kwa 23. Hata hili nalo Hurts wa wakati ule asingelifanya. Mtu hawezi kuupokea mchezo wa pili na kuukataa wa kwanza, kwa kuwa tabia iliyozaa vyote viwili ni moja, na muda kati yao haukufika dakika moja.

Mtu angedhani ushindi wa namna hiyo ungekata maneno. Kinyume chake ulizidisha, maana sasa hoja ya uwezo ilipisha hoja ya haki. Je, mtu aliyeshinda mechi 26 aweza kupokonywa kazi kwa nusu moja mbaya? Na aliyekuletea ubingwa kwa nusu moja, aweza kurudishwa benchini? Majira yote ya kiangazi Saban alikataa kumtaja atakayeanza, na mwezi wa Agosti Hurts, ambaye hakuwa na ada ya kulalamika, aliwaeleza waandishi kwamba muda wote ule hakuna mtu, hata makocha, aliyemjia kumwuliza anajisikiaje. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Katika mechi ya kwanza, baada ya kuifunga Louisville 51 kwa 14, mtangazaji Maria Taylor wa ESPN alimwuliza kocha lile lile lililokuwa midomoni mwa watu wote, naye akahamaki hadharani, akasema hatamkosea heshima kijana mmoja kwa kumsifu mwingine. Baadaye alimtaka radhi bibi yule. Kwangu hamaki ile ni dalili ya mtu aliyejua kwamba shauri la mchezo alilikata vyema na la utu amelichelewesha.

Yako mambo mengine ambayo hayasemwi wazi katika mabishano haya, na mchambuzi akiyaruka atakuwa ameandika nusu. Katika majimbo ya kusini, nafasi ya kwotabeki ilikuwa kwa miaka mingi mali ya Wazungu, kwa dhana kwamba kazi ya kufikiri na kuongoza si ya Mweusi, na vijana Weusi waliokuja vyuoni wakiwa makwotabeki walikuwa wakigeuzwa kuwa wadakaji au walinzi. Condredge Holloway, mzaliwa wa Huntsville katika jimbo hili hili, amesimulia kwamba kocha Bear Bryant alimwambia bila kuficha kuwa Alabama haikuwa tayari kwa kwotabeki Mweusi. Akaenda Tennessee, na mwaka 1972 akawa wa kwanza wa rangi yake kuanza katika nafasi hiyo kwenye ligi ya kusini-mashariki. Washabiki wa 2018 walikuwa wakichagua baina ya Mwamerika Mweusi na kijana wa visiwa vya Pasifiki, jambo ambalo babu zao wasingelifikiria, na hilo ni badiliko la kweli. Lakini msamiati hauondoki upesi kama watu. Aliposifiwa Hurts kwa miguu na Tagovailoa kwa jicho na akili, wako waliosikia mwangwi wa zamani, na sidhani kwamba wote walisikia vibaya. Ijapokuwa ni kweli vilevile kwamba msimu ule Hurts hakuwa mrushaji mzuri, na kulisema hilo peke yake hakukuwa dhambi.

Tagovailoa akapewa nafasi, na timu ikashinda kila mechi hadi tarehe 1 Desemba 2018, iliporudi katika uwanja ule ule wa Atlanta kucheza na Georgia ile ile. Robo ya nne, Alabama ikiwa nyuma 28 kwa 21, kifundo cha mguu kikamshinda Tagovailoa, akaingia Hurts, akasawazisha kwa pasi, na ikiwa imebaki dakika moja na sekunde nne akakimbia yadi 15 kuupata ushindi wa 35 kwa 28. Baina ya bao la kusawazisha na la ushindi kocha wa Georgia alijaribu hila timu yake ikiwa katikati ya uwanja, mpira ukakabidhiwa kwotabeki wake wa akiba Justin Fields, nayo ikazimwa. Fields alikuwa mada ya mabishano yao wenyewe Wageorgia, kwani waliomtaka hawakumtaka Jake Fromm, ambaye mwaka uliotangulia naye alikuwa amemrithi Jacob Eason aliyeumia. Huko nako maneno yalikuwa yale yale: wa kwanza mwaminifu na mwangalifu, wa pili ana nuru.

Wapo wasemao, kwa nini wasicheze wote wawili? Wahenga wetu walikwisha sema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na Wamarekani nao husema mwenye makwotabeki wawili hana hata mmoja. Lloyd Carr wa Michigan alijaribu mwaka 1999, robo ya kwanza ya Tom Brady, ya pili ya Drew Henson, mwana wa jimbo aliyependwa sana, halafu mapumzikoni achaguliwe mmoja. Mwezi wa Oktoba mpango ukaachwa na kazi ikabaki kwa Brady. Ohio State ya 2015 haikuwahi kutulia baina ya Cardale Jones na J.T. Barrett. Florida ilifaulu 2006 na ikatwaa ubingwa, lakini kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi yake isiyoingiliana: Chris Leak aongoze timu, Tim Tebow aingie panapohitajika nguvu za yadi mbili. Mfano huo mmoja hautoshi kuwa kanuni.

Tangu wakati ule hali yenyewe imegeuka. Zamani mchezaji aliyehama chuo aliadhibiwa kwa kukaa mwaka mzima bila kucheza, isipokuwa awe amekwisha hitimu. Ndiyo maana Hurts alipata kwanza shahada yake kwa miaka mitatu, kisha Januari 2019 akaenda Oklahoma. Kelly Bryant wa Clemson hakungoja: mwezi wa Septemba 2018, alipowekwa kando kwa ajili ya Trevor Lawrence baada ya mechi nne, aliitumia kanuni mpya iliyomruhusu kuhifadhi mwaka wake wa kucheza, akaondoka siku hizo hizo, na washabiki wakagawanyika kati ya waliomwita msaliti na waliosema timu ndiyo iliyotangulia kumwacha. Mimi ni wa kundi la pili. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na Julai ya mwaka huo huo wakaruhusiwa kupokea fedha kwa ajili ya majina yao, kwa hiyo sasa kijana wa pili haketi akiimbwa. Aghalabu ifikapo Januari yuko chuo kingine, na mabishano ambayo zamani yalidumu miaka miwili huisha kwa miezi minne.

Hurts alimaliza 2019 akiwa wa pili katika kura za tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, nyuma ya Joe Burrow wa LSU, ambaye naye alikuwa ameondoka Ohio State baada ya Dwayne Haskins kushika nafasi aliyoitaka. Mwaka 2020 Tagovailoa alichukuliwa na Miami akiwa wa tano katika uteuzi wa timu za kulipwa. Hurts alingoja hadi wa 53, akaenda Philadelphia. Februari 2025, katika Super Bowl, fainali ya timu za kulipwa, huko New Orleans, Hurts alichaguliwa mchezaji bora wa mechi, na miongoni mwa pasi zake ilikuwamo moja ya yadi 46 kwa DeVonta Smith. Waliokuwa wakisema hataweza kurusha mbali hawakuwa wamekosea juu ya kijana wa miaka 19 waliyemwona. Walichokosea ni kudhani kwamba kijana wa miaka 19 amekwisha kukamilika.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba Saban alikata shauri la haki usiku ule wa Atlanta, na kwamba washabiki waliomtaka Tagovailoa mapema walipata kwa hoja dhaifu, ilhali waliomtetea Hurts walikosa kwa hoja nzuri. Na katika kelele zote za 2018, benchi lile lile lilikuwa na kwotabeki wa tatu ambaye ni wachache waliojishughulisha kumbishania, Mac Jones. Alingoja zamu yake, na Januari 2021 akaiongoza Alabama isiyoshindwa msimu mzima kuifunga Ohio State 52 kwa 24 na kutwaa ubingwa wa taifa. Kwotabeki wa Ohio State siku ile alikuwa Justin Fields.